Nani Atamkatia Jairus Upepo

Benchi letu limeegemea ukuta wa hoteli ya Hawo, upande wa msikiti, hapa Bungoma mjini. Mbele yake ni steji ya boda boda, baiskeli zimepangwa kwa zamu, na pembeni niko mimi na viatu vyangu vya mitumba. Huwa naanika vya kushoto peke yavyo, vya kulia nimevifungia kwenye gunia, kwa sababu mwizi wa hapa hana kazi na mguu mmoja. Ndiyo maana wananiita Kushoto. Televisheni ya Hawo iko ndani lakini uso wake umeelekea dirishani, na ukinunua kahawa unaruhusiwa kugeuza shingo. Mwaka ule wa Kombe la Dunia la Ujerumani, Hawo alilipia dishi mwezi mzima ili benchi lijae. Kombe likaisha, mwezi haukuisha. Tukabaki na tenisi, gofu, na kundi la wanaume waliokuwa wakizunguka Ufaransa kwa baiskeli, kila siku alasiri mpaka jioni, bila kuchoka na bila kubeba mtu.

Siku ya kwanza tuliwacheka. Aliyeanza ni Zachary, ambaye tunamwita Wakili kwa sababu aliwahi kufagia kortini, na alipoachishwa kazi akatoka na maneno mengi kuliko mahakimu.

Wakili: Abiria wanakaa wapi hapo?

Dishi: Hakuna abiria. Ni mashindano.

Dishi ni Abdirashid. Ndiye aliyepanda paa kulifunga dishi la Hawo, na tangu siku hiyo anaamini kila kinachoonekana kwenye ile televisheni ni kazi yake kukieleza.

Wakili: Karia hakuna. Kengele hakuna. Madigadi hakuna. Hii baiskeli ililala nje ikaibiwa vitu.

Jeti: Na hizo nguo, buda? Mtu mzima amevaa soksi mwili mzima.

Jeti ni Jairus, mdogo wetu steji nzima, miguu mirefu, mdomo mrefu kidogo kuishinda. Aliyekuwa kando yake, kikombe mkononi, ni Hesbon. Huyo tunamwita Karia, na hakuna kitu cha mji huu ambacho hajakibeba nyuma ya baiskeli yake: vitanda, mbuzi, geti la chuma, na siku moja bwana harusi na bibi harusi kwa pamoja.

Karia: Kiti chenyewe ni kama kisu cha mkate. Hawa watu watazaa kweli?

Hawo: Mimi niko hapa dirishani, mzee Hesbon. Nasikia. Nizime?

Hakuna aliyemwambia azime. Tulikuwa tumeshalipia kahawa, na isitoshe mmoja wa wale watu alikuwa anakula ndizi huku anateremka mlima kwa kasi ya kutisha, na sisi tulitaka kuona kama ataimaliza.

Siku ya pili tuligombana. Tulikuwa tumeona jambo ambalo halikuingia akilini. Mtu anakaa mbele, anakanyaga kama anafukuzwa, halafu ghafla anajitoa kando, anawaachia wengine wapite, anarudi mwisho kabisa. Mwingine anakuja mbele. Naye baada ya muda anajitoa. Wakili akasema wamehongwa. Dishi akasema zile baiskeli zina betri, na betri zikiisha nguvu mtu anarudi nyuma kuchaji. Nilimuuliza anachajia wapi na stima yenyewe hakuna barabarani. Akasema Ufaransa iko.

Tukiwa kwenye hayo, akaja mama mmoja anataka kupelekwa sokoni. Karia ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye laini, akampakia, wakaenda. Aliporudi akasukuma baiskeli yake mpaka mwisho wa laini, kama sheria ya steji inavyosema. Jeti akamwangalia. Akaangalia televisheni. Akamwangalia tena.

Jeti: Wasee, hii ni zamu.

Wakili: Zamu gani?

Jeti: Zamu ya steji. Wa mbele anabeba upepo vile Karia amebeba huyo mama. Akishusha, anarudi nyuma ya laini. Wale wa nyuma wamejificha, wanangoja yao.

Basi, kuanzia hapo ungetufukuza kwa maji moto tusingebanduka. Tulijua sasa nani anafanya kazi na nani anajificha. Tulianza kuchukia watu ambao hatujui hata majina yao, kwa sababu walikuwa wanakaa nyuma siku nzima na kukataa zamu. Mimi nilipenda mashamba. Barabara zao zilipita katikati ya alizeti na mahindi, na mahindi yenyewe hayafikii ya Naitiri, nasema bila upendeleo. Nilipenda vile watu walitoka nje ya nyumba zao na viti, wakakaa kando ya barabara kutwa nzima, ili wapitwe mara moja. Nilimwambia mke wangu kuwa ningeweza kuangalia hiyo kitu mpaka nife. Aliniuliza kama wanapigana wakati wowote. Nikasema hapana. Akarudi kuchambua maharagwe.

Sasa, kama tungekuwa tunaangalia tu, nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini mwezi huo tajiri mmoja wa Kitale, mwenye hamu ya ubunge, alitangaza mbio za baiskeli za boda boda, kutoka Bungoma mpaka Kitale kupitia Webuye na Kamukuywa. Atakayefika wa kwanza atapewa pikipiki mpya. Pikipiki ndiyo ilikuwa ugonjwa wetu wakati huo. Zilikuwa zimeanza kuonekana mjini, moja hapa, nyingine kule hospitali, na abiria akishaonja hiyo hataki tena kusukumwa mlima na mtu anayehema. Steji ilikaa ikapatana: tukiipata, itakuwa ya wote, kila mtu na siku yake.

Mwenye miguu ya kushinda alikuwa Jeti, hilo halikuwa na ubishi. Lakini mwaka uliotangulia kulikuwa na mbio kama hizo, zawadi ikiwa godoro, na Jeti alitoka hapa kama mshale, akaongoza peke yake kwenye upepo mpaka Misikhu, kisha akakaa chini kando ya barabara na kuomba maji ya kunywa kwa mama wa mahindi. Sasa televisheni ilikuwa imetufundisha kosa. Alihitaji mtu wa kumkatia upepo mpaka juu ya mlima wa Kamukuywa, amfiche, amfikishe pale akiwa mzima, halafu amwachie aende. Mtu wa hivyo kwenye steji yetu ni mmoja tu, Karia, ambaye akianza kukanyaga hajui kupunguza. Ila Karia ana goti baya, na alikuwa hajakubali. Mwenyekiti wa boda boda alikuwa anafunga kupokea majina jioni hiyo ninayoisimulia, baada ya magharibi. Bila Karia hatuna mbio, na bila mbio hatuna pikipiki.

Wakili: Mzee Hesbon, nipeleke jina?

Karia: Ngoja nimalize kahawa.

Wakili: Hiyo kahawa umeanza kumaliza tangu Jumanne.

Karia: Basi ngoja ipoe. Dishi, nikuulize. Huyu wa goti la damu.

Wote tukageuza shingo. Kwenye televisheni kulikuwa na mmoja aliyeanguka mapema alasiri, suruali imepasuka, damu imeshuka mpaka kwa soksi. Aliinuka, akakimbiza kundi, akalipata, na tangu hapo alikuwa mbele kabisa akikata upepo. Nyuma yake walifuatana wenzake sita wa rangi moja, na katikati yao bwana mmoja mkavu, safi, kama ametoka kuoga.

Karia: Huyu atashinda?

Dishi: Hawezi. Kazi yake ni kumfikisha yule wa katikati kwa mlima. Wakifika hapo, amemaliza.

Karia: Na yeye anapata nini?

Hilo swali ndilo lilitupeleka mbali, maana kila mtu aliona hapa ndipo pa kumpata Karia.

Dishi: Anapata mshahara. Hiyo ni kazi kama kazi.

Wakili: Mshahara hauwezi kutoa mtu damu. Mimi nimefanya kazi ya mshahara, sijawahi kutoka hata jasho. Hiyo ni familia. Yule wa katikati ameoa dada yao.

Mimi: Wote saba?

Wakili: Si ni ndugu. Shemeji ukimwacha kwa upepo, kesho dada anarudishwa nyumbani na masanduku.

Karia: Jeti hajaoa dada yangu.

Jeti: Buda, achana na shemeji. Hao ni bakoki. Angalia vile wanakaa karibu. Hao walitahiriwa asubuhi moja, wakapakwa matope mto moja. Mtu mlisimama na yeye hapo, si unamkatia upepo mpaka kaburini?

Mwaka ule ulikuwa wa kutahiri, mwezi wa nane ulikuwa mlangoni, na kengele za vijana zilikuwa zimeanza kusikika vijijini. Jeti hakuwa na wazo lingine kichwani.

Dishi: Wazungu hawana mambo ya bakoki.

Jeti: Wewe ulienda ukaangalia?

Dishi: Sikuangalia, lakini najua. Skiza. Mimi nitakwambia ukweli vile iko. Baiskeli ni za yule wa katikati. Hawa wengine wamekodisha kwake. Wewe ukipita mwenye baiskeli, kesho unaamka huna baiskeli.

Hapo wengi waligeuka kuangalia baiskeli zao, kwa kuwa nusu ya steji yetu wanaendesha baiskeli za watu.

Karia: Basi mimi nimepona. Hii ni yangu.

Dishi akajuta. Wakili akaona nafasi, akajikohoza kama mtu anayesimama mbele ya hakimu.

Wakili: Mimi nilikuwa sitaki kusema hii, kwa sababu kuna mambo ya korti mtu hapaswi kutoa nje. Hawa ni wafungwa.

Jeti: Ati nini?

Wakili: Kifungo cha nje. Jaji amemwambia, wewe ulikosa, chagua: miezi sita ndani, ama umvute huyu jamaa mpaka Paris. Yeye akachagua hewa. Kama mnaona nadanganya, niambieni, hao polisi wa pikipiki mbele na nyuma ni wa nini?

Tuliangalia. Polisi wa pikipiki walikuwapo kweli, mbele na nyuma, na taa zinawaka. Sitaficha, kwa muda mfupi niliamini.

Dishi: Na helikopta?

Wakili: Akitoroka kwa mahindi wamwone.

Dishi: Hapana. Helikopta ni ya yule wa katikati. Amelipa. Inaruka chini inasukuma upepo, hawa wa mbele wanapigwa, wa katikati hapigwi. Upepo wa Ulaya haiji tu hivi kama yetu. Iko na mwenyewe.

Karia: Kwa hivyo Kamukuywa kutakuwa na helikopta?

Dishi: Kamukuywa itakuwa na wewe, mzee.

Hilo lilisemwa vizuri na Karia alitabasamu. Nikaona chuma kimepata moto, nikaingia na langu.

Mimi: Karia, fikiria viatu. Cha kushoto hakiulizi kwa nini cha kulia kimetangulia. Vinakwenda pamoja, vinafika pamoja.

Karia: Wewe Kushoto cha kulia umekifungia kwa gunia.

Walicheka mpaka Hawo akatoa kichwa dirishani kuuliza kama kuna aliyeumia. Mimi nilikunywa kahawa yangu taratibu.

Wakili: Mzee, wacha watoto. Wahenga walishamaliza hii kesi. Walisema mchumia juani hulia kivulini. Sasa wewe utachuma juani, halafu Jeti alie kivulini.

Karia: Hiyo methali ni ya mtu mmoja, Wakili.

Wakili: Ilikuwa ya mtu mmoja. Hii ni timu.

Karia: Na mimi kivuli changu iko wapi?

Wakili: Si una siku yako ya pikipiki. Hata nimekupangia Jumapili, siku ya watu wa kanisa, hao hawana haraka.

Karia aliweka kikombe chini. Nilimwona akilishika goti lake, akilikanda kwa kidole gumba, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa.

Karia: Hiyo barabara ya Kitale nimeendesha tangu Jeti ananyonya. Nimepeleka watu Kimilili, nimepeleka mahindi Webuye. Sijawahi kushinda hata sabuni. Sasa sikatai. Mimi nauliza tu.

Jeti: Unauliza nini, mzee? Si tumekujibu.

Karia: Mmejibu sana.

Wakati huo akaja mama mzee na kikapu cha kuku wawili, vichwa nje, leso imefungwa kiunoni kwa nguvu. Alikuwa ametoka Ndalu asubuhi kumwona mjukuu aliyejifungua, na sasa alitaka kupelekwa Kanduyi kwa mwanawe, akalale huko. Jina lake aliliambia benchi zima bila kuulizwa: Nasambu. Ilikuwa zamu ya Karia. Karia akainuka.

Nasambu: Keti, mwanangu. Maliza kahawa yako. Nimekaa siku nzima kwa hospitali, nikikaa hapa kidogo sitakufa.

Wakili akamsogelezea nafasi. Hawo akamletea kahawa kabla hajaagiza, akamwambia hiyo ni ya mtoto aliyezaliwa. Mama akaitazama ile televisheni, akiwa amepakata kikapu, na hakuuliza kitu. Tukafurahi, maana watu wengi wakiketi hapo mara ya kwanza huuliza abiria wanakaa wapi.

Mlima ukaanza. Mlima wa Ufaransa si kama wetu, unajikunja kama utumbo, na watu wamejaa kando wakipiga kelele. Yule wa goti la damu akasimama kwenye pedeli. Mdomo uko wazi, shingo inapiga kulia na kushoto, na wale waliokuwa wakikataa zamu siku nzima wakaanza kuachwa mmoja mmoja. Nyuma yake bwana msafi alikuwa ametulia.

Jeti: Manze. Huyo mtu ni noma.

Dishi: Sasa atatoka. Angalia. Sasa.

Akatoka. Aliinamisha kichwa, akavuta kando, na ni kama mtu alizima stima miguuni mwake. Baiskeli ilikaribia kusimama. Wenzake wakampita bila kumwangalia, bwana msafi akampita, na hata wale aliokuwa amewaacha wakaja wakampita. Kamera ilikaa naye kidogo, akiyumba, mkono juu ya lile goti. Kisha ikaondoka, ikamfuata bwana msafi.

Na sisi tukaondoka naye. Tulisimama juu ya benchi. Bwana msafi aliruka kutoka kwenye kundi akabaki peke yake, watu wanamkimbilia na bendera, Jeti anakanyaga hewani kwa miguu yote miwili, Wakili ananipiga mgongoni kwa gazeti, na yule bwana akafika juu, akainua mikono, akafunga zipu ya shati lake ili apigwe picha vizuri. Tukakumbatiana kama tumezaliwa naye nyumba moja. Mara adhana ikaanza, na Hawo, kama kila siku, akazima televisheni.

Wakili alikuwa bado anahema.

Wakili: Umeona, mzee? Umeona vile kazi ya yule jamaa imezaa matunda? Sasa nipeleke jina?

Karia alifungua mdomo, lakini aliyesema ni mama mzee, ambaye vijana walishaanza kumwita kukhu, yaani nyanya.

Nasambu: Na yule kijana wa goti, alifika?

Dishi: Nani, kukhu?

Nasambu: Yule alikuwa anatoka damu. Alibaki kwa mlima. Alifika?

Dishi: Lazima alifika.

Nasambu: Ulimwona?

Dishi alikuwa ameshainuka kwenda kutawadha. Akakaa tena.

Dishi: Sikumwona. Imezimwa.

Wakili: Hao wa nyuma wanakuja na gari, kukhu. Kuna gari ya kuwaokota.

Nasambu: Uliona gari ikimwokota?

Wakili: Gari yenyewe sijaona. Lakini kisheria lazima iko.

Nasambu: Na jana? Wale walibaki jana walifika?

Tukaanza kuhesabu kimoyomoyo, na nikaona kila mtu anafika mahali pamoja. Siku zote zile tulizokaa pale, tukijifanya wajuzi wa zamu na upepo, hatukuwahi kumwona hata mmoja wa hao akifika. Mshindi akipita, adhana, televisheni inazimwa, tunagawana maneno na kwenda nyumbani. Tulikuwa hatujawahi kuuliza. Niliona aibu, na mimi si mtu wa kuona aibu haraka.

Jeti: Kukhu, si kesho tutamwona kwa laini.

Nasambu: Kesho ni kesho. Mimi nauliza jioni hii.

Kuku mmoja alitikisa kichwa ndani ya kikapu. Karia akainuka, akachukua kikapu kutoka mapajani mwa mama, akaanza kukifunga mbele kwenye usukani kwa mpira. Alikuwa ametugeuzia mgongo alipoanza kuongea.

Karia: Hiyo ndiyo kitu nilikuwa nauliza tangu Jumanne. Goti ikikatika Kamukuywa, Kitale ni mbali, na nyumbani ni mbali zaidi. Nyinyi mtakuwa huko mbele mnaimba.

Wakili: Mzee, hatuwezi kukusahau.

Karia: Mtasahau. Saa hii mmesahau huyu, na mlikuwa mnampenda.

Jeti alikuwa anaangalia viatu vyangu kana kwamba anataka kununua.

Karia: Peleka jina, Wakili. Lakini nisikizeni. Hiyo pikipiki mkiipata, isianze kwenda kwa tajiri kupigwa picha. Irudi Kamukuywa kwanza. Initoe huko.

Benchi likapumua. Wakasema hiyo ni lazima, hiyo hata si ya kuuliza. Wakili akasema pikipiki itarudi na maua kwenye taa. Dishi akasema atafunga redio nyuma ili Karia aje na muziki. Walikuwa wameshaanza kupanga nyimbo Hawo alipotoa kichwa dirishani tena, mtandio ameshauvuta mbele tayari kwa swala.

Hawo: Nani kati yenu anajua kuendesha pikipiki?

Dishi akamwangalia Wakili. Wakili akamwangalia Jeti. Mimi nilijua hawaniangalii mimi, lakini niliinama hata hivyo. Steji nzima ya watu tuliokuwa tumeshagawana siku za juma, kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika usukani wa ile kitu. Mama mzee alipanda nyuma ya Karia, akakaa upande, akajifunga leso upya, akatungoja.

Jeti: Nitarudi na baiskeli.

Alisema polepole, bila zile mbwembwe zake.

Karia: Ukishafika Kitale?

Jeti: Nikishafika. Nikishinda ama nisiposhinda. Hiyo pikipiki wataishikilia hawa, mimi nitageuza nirudi Kamukuywa. Ungoje kwa hiyo duka iko juu ya mlima.

Wakili: Jairus, utakuwa umekufa na uchovu.

Jeti: Ni mteremko kurudi. Si uliona wale wakiteremka, mtu anakula ndizi.

Karia alimwangalia kijana huyo kwa muda, akakanda goti lake mara moja ya mwisho, akaweka mguu kwenye pedeli.

Karia: Basi ukuje na sweta. Kamukuywa jioni kuna baridi.

Wakaenda zao Kanduyi, yeye na mama na kuku wawili.